Pengo la Nakiete

Mng'oa jino halali na pengo. Ndivyo alivyosema mjomba wenu jana, nanyi mkaguna kama mlioelewa, kisha mkaja kwangu kimyakimya kuuliza maana. Mmefanya vizuri. Kwa habari za meno hamtapata mjuzi wa kunishinda, maana kwa umri wangu huu sijapoteza jino hata moja. Yote thelathini na mawili ninayo: manne yamo kinywani, mengine yamo kwenye kikopo juu ya kabati.

Haya, mkishamaliza kucheka nyamazeni. Neno hilo lina mahali lilipozaliwa, na halikuzaliwa kwa kicheko.

Huko milimani Upare, katika kijiji kilichojishika ubavuni mwa mlima kama mbuzi aliyekwama, palikuwa na mwanamke kijana aitwaye Nakiete. Mumewe, Elinazi, alikuwa ameteremka tambarare kukata mkonge. Salamu zake zilipanda mlima mara moja kila baada ya miezi mitatu, na zilipofika zilikuwa zimeshapoa. Kwa hiyo Nakiete alibaki na mama mkwe wake, mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima, na shamba moja la maharage. Hawakuwa na kingine. Mahindi ya msimu uliotangulia yaliliwa na nyani hadi vigunzi, na yale maharage ndiyo yangekuwa chakula chao na mbegu yao.

Shamba lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji. Mwaka ule vuli ilinyesha siku nne ikaaga, watu wakabaki kutegemea ndiva. Ndiva ni bwawa la kuchimba kwa mikono. Maji ya chemchemi hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi kizibo hufunguliwa, nayo huteremka mferejini kwa zamu, leo kwa fulani, kesho kwa fulani. Zamu ya Nakiete ilikuja kila siku ya sita.

Sheria ya ndiva ilikuwa fupi. Siku ya msaragambo, yaani kazi ya wote, pembe ikilia kila nyumba itoe mtu wa kuzoa tope na kupanga mawe. Nyumba isiyotoa mtu haipati maji mpaka msaragambo mwingine, na hiyo ni karibu miezi miwili. Mgonjwa alisamehewa, lakini ugonjwa uwe ugonjwa kweli. Aliyeamua upi ni ugonjwa na upi ni uvivu alikuwa Mzee Kazeni, msimamizi wa ndiva. Alikuwa mtu wa haki. Alikuwa wa haki kama ukuta wa mawe, ambao humgonga kila anayeuendea bila kumbagua.

Basi maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, jino likamwamkia Nakiete.

Lilikuwa gego la mwisho, lile linaloota mtu akishakuwa mtu mzima, ambalo watu husema huja pamoja na akili. La Nakiete lilikuja limelala ubavu, likimsukuma jirani yake kama mgeni aliyelewa kitandani. Siku ya kwanza alilipuuza. Siku ya nne alilitukana. Siku ya tisa shavu lilikuwa limevimba hata jicho likafinyika, na mama mkwe akasema, "Mwanangu, kama akili ndiyo inakuja kwa mateso haya, tuirudishe. Bora mkwe mjinga mwenye afya. Twende kwa fundi."

Fundi huyo alikuwa mhunzi, jina lake Mbonea. Koleo lilikuwa moja tu kijijini, na lilikuwa lake, kwa hiyo aliyefua majembe ndiye aliyeng'oa meno. Mng'oaji mwingine ungempata kwa mwendo wa siku mbili. Alikuwa mwanamume wa kifua kipana na kicheko cha kukaribisha, na kwa haki yake niseme hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na neno moja la kuwatuliza wagonjwa, na kila mtu kijijini alilijua kwa moyo.

"Kaa hapo," alimwambia Nakiete. "Unaogopa?"

"Naogopa, Baba Fundi."

"Mimi mwenyewe nilitolewa gego kama hilo hilo, la mwisho kabisa. Asubuhi likatoka, mchana nikafua majembe mawili, jioni nikala makande. Makande, mwanangu! Tena ya mahindi ambayo hayakuiva. Haya, tanua."

Nakiete akatanua. Mama mkwe alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakibana kifuani pake.

Walianza umande ukiwa bado majanini. Koleo lilipokamata, jino lilikatika kichwa, mizizi ikabaki chini. Fundi Mbonea akafuta jasho, akachukua patasi ndogo, akaipitisha motoni, akaipoza, akaanza kuchimba. Nakiete alisikia taya lake likilia kama mlango unaofunguliwa kwa bega. Alipiga kelele mpaka sauti ikamwishia, kisha akapiga kelele bila sauti. Mzizi wa kwanza ulitoka mbuzi wakipelekwa malishoni. Wa pili ulitoka vivuli vikiwa vimeingia chini ya miguu ya wenye vivuli.

Fundi akaiweka mizizi kiganjani, akaitazama kwa furaha kama mtu aliyechimba muhogo mkubwa. "Imetoka yote. Kesho utasahau kama uliwahi kuwa na jino. Kunywa uji, lala."

Sasa tulieni hapa, maana hapa pana kosa, na halikuwa la fundi.

Kwenye kilima kile waliamini kwamba jino likitoka huacha mtoto. Mtoto wa jino ni lile bonge la damu linaloganda shimoni. Waliamini likiachwa litakaa humo liote jino jingine baya kuliko la kwanza, kwa hiyo lazima litolewe siku hiyo hiyo. Siku hizi waganga wa zahanati wametufundisha kwamba bonge lile ndilo kifuniko cha jeraha, na ukiliondoa umeuacha mfupa uchi. Lakini zahanati ilikuwa haijapanda mlima ule.

Basi jioni ile mama mkwe alipasha maji, akatia chumvi, akamwambia Nakiete asukutue kwa nguvu, afyonze, ateme, afyonze tena. Mtoto hakutoka. Akatafuta unyoya wa kuku, akauosha vizuri, akamchokonoa taratibu huku akimwimbia kama anayembembeleza. Mara bonge likachomoka, jeusi, la kuteleza kama kipande cha ini. Mama mkwe akalirusha juu ya paa, akapiga kigelegele kifupi.

"Limekwisha, mwanangu," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa kumwonea huruma. "Sasa limekwisha kabisa."

Kwa siku mbili ilionekana hivyo. Nakiete alikunywa uji wa vuguvugu, akapalilia, akamwagilia maharage zamu yake ilipofika. Uvimbe ukaanza kunywea.

Siku ya tatu, akiwa anachanja kuni, kitu kilimgonga ndani ya sikio. Aligeuka akidhani ametupiwa jiwe. Hapakuwa na mtu. Kikagonga tena, kikashuka shingoni, kikapanda kwenye paji, kikarudi kukaa pale pale penye shimo, kikaanza kupiga kwa mwendo wa moyo wake. Lile jino la zamani lilikuwa likiuma likapumzika, angalau lilijua adabu ya kupumzika. Hili lilikuwa jambo jingine. Hewa ikiingia kinywani, anaumia. Akimeza mate, anaumia. Akiinama, damu ilikimbilia shimoni kama ng'ombe wanaokimbilia mlango mmoja. Mdomo wake ulinuka hata yeye mwenyewe akageuza uso asijinuse.

Usiku hakulala, wala uliofuata. Alikaa akiegemea ukuta, maana kulala kulizidisha. Siku ya tano alirudi kwa fundi.

Fundi Mbonea akamwinua kidevu, akatazama kwenye mwanga. "Safi," alisema.

"Inauma, Baba Fundi."

"Nini kinauma?"

"Jino."

"Jino gani, mwanangu? Nililing'oa. Wewe ulikuwepo." Wanaume wawili waliokuja kunoa mapanga wakacheka. "Tazameni wenyewe. Shimo jeupe, safi, kama bakuli lililooshwa. Huyu anaumwa na hofu. Mimi nilipotolewa la kwangu, asubuhi likatoka, mchana majembe mawili, jioni..."

"Makande!" waliitikia wale wawili.

Nakiete alirudi nyumbani ameshika shavu. Kabla hajafika, maneno yalikuwa yamefika. Kisimani wanawake walimsogezea nafasi kwa heshima ya mzaha. "Mpisheni mgonjwa wa hewa." Mwingine akasema, "Na mimi nywele nilizonyoa mwaka jana zinaniwasha, ni dawa gani?" Walicheka mpaka vibuyu vikamwagika. Hawakuwa na ubaya. Mtu akivunjika mguu anaonyesha mguu, mwenye jipu anaonyesha jipu. Yeye alikuwa akionyesha mahali pasipo na kitu.

Kesho yake alfajiri pembe ikalia. Msaragambo.

Mama mkwe alimtazama pale ukutani alipoegemea, macho mekundu, kitambaa kimefunga taya mpaka utosini. "Kaa. Nitakwenda mimi."

"Na nyonga hiyo, mama? Utazoa tope kwa ulimi?" Nakiete alijaribu kutabasamu, akajuta.

Akaenda. Ndiva ilikuwa imetolewa maji, na tope limejaa hadi magotini. Kazi ilikuwa kuinama, kujaza kikapu, kuinuka, kumpa wa juu. Kuinama ndiko kulikommaliza. Vikapu vitano vya kwanza alihesabu. Cha sita hakujua amekishikaje. Cha tisa kilimponyoka, naye akapiga magoti topeni, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akatoa mlio ambao hakujua kama ni wake. Watu wakasimama kumtazama. Aibu ikamwinua. Akapanda ukingoni, akaenda zake nyumbani bila kumuaga mtu yeyote, na jua lilikuwa halijafika nusu ya mbingu.

Siku iliyofuata aliitwa barazani. Mzee Kazeni aliketi kwenye jiwe lake, wenye zamu wakimzunguka.

"Nakiete, uliondoka kazi haijafika nusu. Una ugonjwa?"

"Ninao, mzee wangu."

"Ugonjwa gani?"

"Jino."

"Lipi?"

"Lililong'olewa."

Vicheko vikazuka, Mzee Kazeni akavizima kwa mkono. Yeye hakucheka. "Mwanangu, jino lililong'olewa limetupwa, na wewe uko hapa. Linakufikiaje?"

Ni swali ambalo Nakiete mwenyewe alikuwa amejiuliza usiku kucha.

Fundi Mbonea akaitwa kutoa ushahidi. Alisimama, akajikohoza, maana hata yeye alimhurumia. "Mimi sisemi kwamba mke wa Elinazi ni mwongo. Nasema jino halipo, nalo lilitoka lote na mizizi. Shimo nimelikagua, ni safi. Na kuhusu maumivu, mimi nayajua maana yalinipata. Nilitolewa gego kama hilo. Jioni yake nilikula makande. Kama mimi niliweza, na yeye angeweza."

Mama mkwe akainuka na fimbo yake. "Mzee Kazeni, msaragambo ujao nitakuja mimi na nyonga yangu."

"Nyonga yako ni ugonjwa, tuliisamehe tangu mwaka juzi. Sisi tunamdai mzima wa nyumba yenu."

"Nyumbani kwetu hakuna mzima."

Maneno hayo hayakubadilisha kitu. Mzee Kazeni alisema sheria ni sheria, ikilegezwa kwa mmoja ndiva itakauka kwa wote. Shamba la Nakiete lisipewe maji mpaka msaragambo mwingine.

Watoto wangu, nimeona njaa na nimeona msiba, lakini sijui kama kuna upweke kama wa mtu anayeumwa mahali ambapo watu wote wamekubaliana kwamba haumwi. Nakiete alirudi akakaa ukutani pale pale. Alianza kujishuku. Labda ni kweli ni hofu. Labda ni uvivu ulioingia kinywani kwa kuwa miguuni ulikosa nafasi. Alikuwa akiingiza ulimi taratibu shimoni kuuliza, na shimo lilimjibu kwa namna ambayo ilimfanya agonge kichwa ukutani. Kisha, maumivu yakipungua kidogo, alijishuku tena. Hata mama mkwe, aliyemwamini, alikuwa na kitu machoni kilichosema: mbona mtoto wa jino tulimtoa?

Maharage nayo yakaanza. Maua yalidondoka kwanza, meupe, yakakauka juu ya vumbi. Majani yakajikunja kama ngumi. Na kila asubuhi maji ya wengine yalipita pale pale ukingoni mwa shamba, hatua mbili kutoka kwenye shina la kwanza, yakiongea. Ilitosha kuondoa bonge moja la tope ili yageukie ndani. Kila asubuhi Nakiete alikwenda akasimama akalitazama bonge lile, na kila asubuhi aliliacha, maana mwizi wa maji alifutwa kwenye zamu milele, yeye na kizazi chake. Shamba lisilo na nafasi mferejini si shamba tena, ni mahali pa kuzikia.

Wiki ya pili ikapita. Usingizi alioupata ulikuwa wa kuibia, kama wa mlinzi. Nguo zake zilianza kumwachia nafasi. Siku moja mama mkwe alimkuta amekaa mbele ya sufuria ya uji uliopoa, hali, halii, anautazama tu.

"Mwanangu, sema neno."

"Nimechoka kusema, mama. Nikisema linauma, wanacheka. Nisiposema, linauma. Afadhali lisiposemwa."

Siku ya ishirini na moja tangu koleo lile, alfajiri, alifika shambani akakuta mashina yamebadilika rangi. Alilishika moja, likavunjika kwa sauti ndogo kavu. Akashika la pili, likavunjika. Hakushika la tatu. Alikwenda mferejini, akapiga magoti, akainama taratibu, akalaza shavu lake kwenye tope la ukingo.

Lilikuwa baridi. Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi kitu kilimhurumia. Akachota jingine kwa mikono miwili akalipaka mpaka sikioni, akafumba macho, akabaki hivyo, kichwa ardhini, maji yasiyokuwa yake yakimpita chini ya pua.

Hapo ndipo mlinzi wa mfereji alipomkuta. Alimwona mwanamke aliyenyimwa maji, amepiga magoti penye kile kizuio cha tope, mikono yake imejaa tope. Angefikiri nini? Alipiga yowe, na kabla jua halijakausha umande Nakiete alikuwa amesimamishwa tena barazani, tope limemkaukia usoni upande mmoja kama ngozi ya mtu mwingine.

Safari hii hapakuwa na kicheko. Wizi wa maji haukuwa jambo la mzaha pale.

"Ulikuwa unafungua kizuio," alisema Mzee Kazeni.

"Hapana, mzee wangu. Nilikuwa napoza shavu."

"Shavu la jino gani?"

"Lile lile."

Mzee Kazeni akavuta pumzi. Alikuwa amechoka, na hukumu iliyokuwa mbele yake hakuipenda. "Fundi Mbonea, simama. Leo ni wiki tatu. Inawezekana jino lililotolewa likaumiza wiki tatu?"

Fundi alitazama tope lile usoni mwa Nakiete, akatazama pembeni. Pengine alitaka kusema sijui. Sijui ni neno dogo, lakini kuna wanaume ambao halipiti kooni mwao hata kwa maji. "Kwa mtu mkweli haiwezekani," alisema. "Mimi nilipotolewa gego langu..."

"Baba Fundi," alisema Nakiete.

Sauti ilikuwa ya chini, ikitoka kati ya meno yaliyofungwa. Watu wakasogea ili wasikie.

"Naomba nikuulize, wala sio kwa ubaya. Mimi mwenyewe sijui tena kama naumwa au nina wazimu. Wewe ndiye mtu pekee aliyepata kilichonipata. Ulifanyaje ili usiumie?"

"Nilivumilia tu."

"Usiku wa tatu, lilipopanda sikioni, uliegemea upande gani?"

Fundi Mbonea akapepesa macho. "Sikioni? Halikupanda sikioni."

"Nani alikung'oa, labda alikuwa na mkono mwepesi? Nambie ni nani nimwendee, hata kama ni kwa magoti."

Alikuwa anauliza kweli, jamani, hakuwa akimtega. Lakini swali likishatoka ni la kila mtu, na mama mkwe alilipokea.

"Ndiyo, Mbonea. Nani alikung'oa? Koleo hapa ni moja, na ni la kwako."

"Lilikuwa la baba yangu," alisema fundi upesi. "Alining'oa baba."

"Baba yako tulimzika wewe ukiwa unachunga ndama. Nililia mimi, wewe ulikuwa unakimbiza panzi. Gego la mwisho lilikuotea ukiwa bado huna haya ya kutembea uchi?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Basi nilijing'oa mwenyewe," alisema fundi, na kifua chake kikapanuka kidogo. Baadhi ya vijana walitikisa vichwa kwa kustaajabu ushujaa ule.

Mzee Kazeni alikuwa amemkazia macho. Nimewaambia alikuwa wa haki kama ukuta. Ukuta ule sasa uligeukia upande wa pili.

"Kushoto au kulia?"

"Kushoto, mzee."

"Juu au chini?"

"Chini."

"Tanua."

"Mzee wangu, mbele za watu wote hawa?"

"Huyu tumemcheka mbele za watu wote hawa. Kinywa kilichotoa ushahidi mara mbili ndicho kitakachotazamwa. Tanua."

Fundi Mbonea alitazama njia ya kushukia, akaona imejaa watu. Akatanua kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi wa moto. Mama mkwe akamwendea akichechemea, akamwambia yale yale ambayo yeye huwaambia wagonjwa wake, "Tanua, mwanangu, unaogopa?" kisha akaingiza kidole.

Alianza kushoto chini. Akaenda mpaka mwisho, akagonga kwa kucha. "Lipo." Akapanda juu. "Lipo, limesimama kama mzee wa kanisa." Akavuka kulia, juu. "Lipo." Akashuka chini, na hapo fundi akaruka kwa maumivu hata nusura amng'ate.

"Ala! Hili la kulia limetoboka. Limetiwa nta humu, nta ya nyuki. Nyeusi, ya siku nyingi." Akainama atazame vizuri. "Hili linakuuma tangu lini, Mbonea? Ndiyo maana unatafuna upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa. Na koleo unalo nyumbani. Mbona hukujing'oa?"

Hakucheka mtu. Wanawake wa kisimani walitazama vidole vya miguu yao. Mzee Kazeni akamgeukia Nakiete, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mwanangu, nafasi yako mferejini inabaki. Leo hii maji yote ya ndiva ni yako, mpaka jioni."

"Asante, mzee wangu," alisema Nakiete. Lile tope lilikuwa linabanduka shavuni vipande vipande, na mkono wake ulikuwa umerudi pale pale kwenye taya. "Lakini wape wengine. Maharage yamevunjika leo asubuhi. Maji yatamwagilia kuni."

Mzee Kazeni akainamisha kichwa. Alipokiinua, hakumtazama tena Nakiete, hakuweza. Alimtazama fundi, aliyekuwa bado ametanua, kidole cha mama mkwe kikiwa kimemzuia asifunge.

"Mbonea, miaka yote hii. Gego la mwisho, kushoto chini, jioni makande. Na lipo. Unasemaje?"

Macho ya fundi yalizunguka baraza zima, uso mmoja baada ya mwingine, yakitafuta hata mmoja wa kumwitikia makande. Kisha, kwa shida, pembeni mwa kidole kile, akajibu:

"Liliota tena."

Mama mkwe akachomoa kidole, akakifuta kwenye kanga yake polepole. Akamshika Nakiete mkono ili waende nyumbani, ambako usiku mwingine wa kuegemea ukuta ulikuwa unawangoja. Akawaambia watu wa baraza, bila kugeuka:

"Mng'oa jino halali na pengo."